Friji ilitoka Mabibo inagandisha, ikafika Chanika haigandishi: kisa chote kilivyokuwa

Jumapili saa 4 asubuhi simu ikaita, dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, sauti imeshabadilika kabisa. "Mdogo wangu friji imekufa, fundi yuko hapa anasema gesi imeisha, anataka 85,000 akate bomba ajaze nyingine, nimpe?" Nikamwambia dada usimruhusu mtu kukata chochote, chomoa waya kwenye soketi, friji iache imesimama hapohapo ilipo, usiiguse mpaka nije. Akaniuliza na samaki je? Nikamwambia samaki kaanga leoleo.

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa urefu kwa sababu kwenye kazi yangu ya ufundi friji za namna hii nakutana nazo mara kwa mara, mtu kahama nyumba, friji imefika haigandishi, na kila mtu pale ana jibu moja tu mdomoni, "ililazwa hiyo," yaani ilisafiri imelala. Kulazwa kuna shida yake kweli na nitaieleza, lakini hii nilipoifuatilia hatua kwa hatua, kwa kumuuliza dada, mwanae na dereva aliyeibeba, niliona kulazwa peke yake kusingeifikisha pale. Kilichoiumiza zaidi ni ile nusu saa ya kwanza baada ya kufika, na kilichotaka kuimaliza moja kwa moja ni hilo neno "gesi imeisha" lililosemwa kabla mtu hajapima kitu.

Friji yenyewe ni ya milango miwili, friza juu, lita 200 na kidogo, ile inayoota theluji ndani unayeyusha mwenyewe, siyo ya feni. Nyuma ina stika inasema R600a, hiyo ndiyo aina ya gesi yake, gramu 48, volti 220 mpaka 240. Haina ule wavu mweusi wa waya mgongoni kama friji za zamani, bomba za kutoa joto zimefichwa ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana friji za siku hizi ukizigusa ubavuni zinakuwa za moto, na hilo la ubavu kuwa moto likumbukeni litarudi huko mbele. Dada anauza barafu, juisi ya ukwaju na maziwa mgando. Kwake hiyo friji ndiyo inalipa ada ya mtoto.

Sasa safari ilivyokuwa. Anatoka Mabibo hapa Dar, chumba na sebule ghorofa ya pili, anahamia Chanika kwenye nyumba yake mwenyewe, amejenga kidogokidogo miaka mingi. Furaha aliyokuwa nayo ndiyo iliyomfanya afanye kila kitu haraka. Ijumaa usiku friji bado inafanya kazi na imejaa, kilo 6 za samaki na nyama, akasema barafu iliyopo itatunza mzigo njiani. Jumamosi saa 12 asubuhi akazima, saa 1 kirikuu kimeshafika chini na vijana wawili wa kubeba.

Hapo tayari tumeshachelewa. Friji ya theluji inatakiwa izimwe usiku wa kuamkia safari, na kama theluji ni nene basi siku nzima kabla, milango ukaiacha wazi, chini ukaweka matambara na beseni, ikayeyuka yenyewe taratibu, ukaifuta ikakauka. Chakula unakipangia kiishe wiki hiyo au unakipeleka kwa jirani. Friza ya dada ilikuwa na theluji unene wa vidole viwili. Kijana mmoja kaingia jikoni kachukua kisu aibandue, na hapa nampongeza sana dada, alimzuia, hakujua hasa kwa nini ila alishaona friji ya mtu imekufa hivyo. Kwa nini ni hivi, ukuta wa friza ni bati jembamba la aluminiamu au plastiki na nyuma yake tu ndipo bomba la gesi linapopita, kisu au bisibisi ikitoboa hapo utasikia "fyuuu" na ndiyo basi, kuziba tundu ndani ya friza ni kazi ngumu na mara nyingi haidumu. Na hii R600a ni gesi inayowaka, ni ndugu wa ile ya kwenye viberiti vya gesi, kwa hiyo ikitokea umetoboa usishangae pale na jiko la mkaa pembeni, fungua madirisha na milango, zima kila moto, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje mpaka hewa ibadilike.

Basi theluji wakaiacha, wakatoa samaki wakaweka kwenye ndoo, friji ikabebwa na theluji yake. Maji yakaanza kudondoka kwenye ngazi, na ngazi zenyewe ni zile nyembamba za kona kona. Glasi za ndani hazikutolewa, moja ilikuja kupasuka. Mlango umefungwa kwa kamba moja tu ya katani imekazwa mpaka imeacha alama ubavuni. Aliyekuwa chini alikosa pa kushika, akashika kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi iliyo chini nyuma. Wengi wanashika hapo maana ni chuma na kinaonekana imara, lakini zile bomba nyembamba za shaba zimeungwa palepale kwenye kompresa, ukivuta kidogo tu bomba linakunjika. Nilipolikagua lilikuwa limepinda ila halijajikunja, kwa hiyo hapo friji ilipona.

Kushusha friji ngazini kwa kweli kunataka watu wawili wenye nguvu na wa tatu wa kuongoza. Uzito mkubwa wa friji uko chini nyuma, kwenye kompresa, kwa hiyo mwenye nguvu zaidi anakaa chini, friji inashuka miguu kwanza, imeinama kidogo lakini haivuki digrii 45. Kamba pana au mkanda unapita chini ya kitako ndiyo mikono inapata pa kushika, siyo mpini wa mlango, wala kompresa. Na kabla ya yote pima kwa futi, friji upana wake na mlango wa chumba na kona ya ngazi, maana kugundua haipiti mkiwa mmeshaibeba katikati ya ngazi ndiyo watu wanaanza kuigeuza geuza. Glasi na madroo unatoa unafunga kwenye kanga. Mlango ufunge kwa ile selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, haing'oi rangi, ukimaliza juu yake ndiyo unapitisha kamba na kipande cha boksi katikati ya kamba na bati.

Chini kwenye kirikuu vitu vilishajaa. Kitanda, sofa, magodoro. Dereva akasema ikisimama itaanguka kwenye matuta, wailaze. Simlaumu sana dereva, hofu yake ni ya kweli, friji ndefu kwenye gari dogo la wazi isipofungwa vizuri inaanguka. Lakini hapo dawa ni kuipakia ya kwanza kabla ya vingine vyote, mgongo wake umeegemea nyuma ya kabini, godoro katikati, halafu kamba mbili, moja chini kwenye theluthi ya kwanza nyingine juu, vitu vingine vinakuja kuibana pembeni. Ikipakiwa ya mwisho lazima itakosa pa kusimama, na ndivyo ilivyokuwa, ikalazwa chali juu ya magodoro, mgongo chini, na juu ya milango wakaweka mabegi.

Ikatembea hivyo kutoka Mabibo, Mandela Road, Tazara, ikakata Nyerere Road, Gongo la Mboto, Pugu, mpaka Chanika, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi yenye makorongo. Dada anasema walitumia saa 2 na zaidi, foleni ya Buguruni peke yake iliwala nusu saa.

Ndani ya friji iliyolala chali kunatokea nini. Kompresa ichukulie kama chungu cha chuma kilichofunikwa kikachomelewa, ndani kuna mota na pistoni, vyote vinakaa juu ya springi tatu au nne ili isitetemeshe friji nzima, na chini kabisa kuna oili, siyo nyingi, kwa hizi za nyumbani nilizowahi kuzifungua haifiki hata robo lita. Friji ikisimama oili inakaa chini inapotakiwa. Ikilala, oili inahama inafuata upande wa chini, na kama bomba la kuvutia gesi liko upande huo inaingia humo, na nyingine inaingia kwenye pistoni. Springi nazo zimetengenezwa kubeba uzito wa mota kutoka juu kwenda chini, siyo kwa ubavu, kwa hiyo ikilala halafu ikapigwa na makorongo kilomita hadi kilomita, springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Na kuna kile kisahani cha maji juu ya kompresa, ambacho maji ya theluji yanashukia yakauke kwa joto. Cha dada kilikuwa kimejaa maji ya asubuhi ile, friji ilipolala yakamwagika yote kwenye kiboksi cha umeme cha kompresa. Hili watu hawalifikirii kabisa.

Ikitokea lazima ilale, yaani hakuna namna nyingine, basi ilale ubavu, kamwe isilale chali wala kifudifudi juu ya milango. Na ubavu gani? Angalia nyuma bomba za kompresa zimetokea upande upi, huo upande ndiyo uwe juu, ili oili isipate njia ya kuingia kwenye bomba. Chini yake weka godoro au blanketi maana kwa friji za siku hizi ubavu ndio wenye bomba ndani. Na uandike saa mlipoilaza, utaihitaji.

Sasa tunafika kwenye ile nusu saa.

Saa 8 mchana wamefika. Jua la Chanika, samaki kwenye ndoo wameanza kulegea, wageni wanakuja kuona nyumba wanataka maji baridi. Friji ikasimamishwa, ikafutwa vumbi, na baada ya dakika kama 20 ikachomekwa. Tena kwenye ekstensheni, ile nyembamba ya bei rahisi, pamoja na tivii na pasi, kwa sababu soketi ya jikoni ilikuwa bado haijafungwa.

Ikaunguruma "mmmmm" sekunde chache halafu "tak", kimya. Dada akachomoa akachomeka. Mmmm, tak. Mwanae anasema walirudia mara saba au nane. Hiyo tak ni ovalodi, kifaa kidogo kinachokata umeme mota ikizidiwa, kinamlinda mota asiungue. Pembeni yake kuna kiwashio kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, nacho kikishapata moto hakifanyi kazi tena mpaka kipoe, dakika kadhaa. Kwa hiyo ukichomeka na kuchomoa harakaharaka hata friji nzima isiyo na tatizo inaweza kugoma. Hapa sasa weka yote pamoja, oili imekaa kwenye pistoni na oili haibanwi kama gesi, kiboksi cha umeme kimelowa, kiwashio kimoto, umeme umefika mdogo kupitia waya mwembamba. Mota inasukuma ukuta.

Mara ya tisa hivi ikawaka. Wakashangilia. Ila ilivyowaka ikaisukuma ile oili mbele, ikapita kwenye bomba za ubavuni, ikafika kwenye filta, na baada ya filta kuna kapilari, bomba jembamba ambalo tundu lake halifiki hata milimita moja, gesi yote lazima ipite humo. Oili nzito kwenye tundu kama lile ni uji mzito kwenye mrija wa soda. Friji ikaunguruma usiku kucha, taa inawaka, ndani joto la kawaida. Asubuhi samaki wananuka, ndipo akaitwa fundi wa mtaani, akaweka kiganja kwenye friza, akasikia hakuna baridi, akatoa jibu.

Sina ugomvi na yule fundi, alikuwa kijana mstaarabu na tulikuja kuongea vizuri. Lakini mtungi aliokuja nao ulikuwa R134a. Stika inasema R600a. Angekata bomba la kuchajia, gesi nzuri ikatoka, akaweka hiyo nyingine, kompresa ile haijatengenezwa kwa ajili yake, mota ingebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake na oili iliyomo haichanganyiki na gesi hiyo. Pengine ingegandisha wiki mbili tatu halafu ingeungua, na watu wangesema "ililazwa hiyo." Na kitu kingine, R600a ikiwa inafanya kazi, upande wa kuvuta presha yake inashuka chini ya hewa ya nje, kwa hiyo ukifungua bomba friji ikiwa inazunguka haitoi, inavuta hewa ndani, na hewa ya huku kwetu Dar imejaa unyevu, unyevu ukiingia unaenda kuganda kwenye kapilari. Unakuwa umetengeneza ugonjwa ambao haukuwepo. Gesi haiishi kama mafuta ya taa, inazunguka humohumo miaka na miaka, ikiisha maana yake kuna pa kutokea, na kama kuna pa kutokea patafutwe kwanza.

Jumatatu saa 10 jioni nimefika. Friji imezimwa tangu Jumapili saa 4, yaani saa 30 imesimama wima imetulia. Huo mpumziko ndio ulikuwa tiba namba moja na haukugharimu hata shilingi. Kanuni ninayotembea nayo mimi ni kwamba friji iliyosafiri imesimama muda wote ipumzike saa 2 mpaka 4 kabla ya kuwashwa, iliyolala ipumzike angalau muda uleule iliyolala, na kama ililala safari ndefu au hujui ililala muda gani basi saa 24. Ukiwa na kitabu chake cha maelekezo fuata kitabu.

Nikaanza na umeme kabla ya kugusa friji. Soketi ya sebuleni volti 214. Kwenye ile ekstensheni, pasi ikiwa inafanya kazi, 188. Hapo kompresa nyingi zinaanza kupata taabu ya kuwaka. Nikaitoa ekstensheni. Nikafungua kiboksi cha umeme nyuma, ndani kuna alama ya maji yaliyokauka na kutu changa kwenye vituo vya waya, nikasafisha, nikakausha, nikapima mota kwa mita, waya zote tatu ziko sawa na hakuna unaogusa bodi. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya bomba, friji ikiwa imezimwa, kwa sababu ile niliyosema hapo juu, kwa gesi hii ukipima upande wa kuvuta ikiwa inazunguka povu halitakuonyesha kitu. Hakuna panapotoa.

Mtoto wa dada, yuko kidato cha kwanza, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote anashika tochi. Nikamwambia weka kiganja ubavu wa kulia na mwingine ubavu wa kushoto, tukiiwasha uniambie unasikia nini.

Tukawasha. Imeshika mara ya kwanza, bila tak. Klampu mita, ile ya kupima umeme unaopita kwenye waya, inasoma ampea 0.6, sawa kabisa kwa friji ndogo ya aina ile. Baada ya dakika 15 dogo akasema, anko kulia juu kuna joto, kushoto hamna kitu. Baada ya nusu saa ndani ya friza theluji nyembamba imeanza kwenye kona moja tu, mahali bomba linapoingilia. Sasa dalili hii, joto upande mmoja na theluji kona moja, inafanana sana na gesi pungufu, na ndipo mafundi wengi wanapoteleza, hata mimi huko nyuma nimeshateleza. Tofauti unaiona kwa kusubiri. Gesi ikiwa pungufu, kila ukiwasha theluji itafika palepale na kuishia palepale. Ikiwa ni oili inayoziba, kila ukizima ukaiacha presha ikalingana halafu ukawasha, itasogea.

Nikazima. Nikakunja kitambaa nimekilowesha maji ya moto ya kuoga, nikakizungushia kwenye filta na mwanzo wa kapilari kuilegeza oili. Maji moto tu, siyo kibiriti wala gesi ya kuchomelea, gesi iliyomo inawaka hapo usijaribu kabisa. Tukaiacha saa nzima na nusu, dada akatupikia ugali na wale samaki waliokaangwa Jumapili. Tukawasha tena. Theluji ikasogea ikavuka nusu ya ukuta wa friza. Nikazima tena saa 4 usiku, tukawasha saa 6, na safari hii nikaiacha. Nililala pale sebuleni kwenye godoro lilelile lililobeba friji, na ukweli sikulala sana, nilikuwa naamka kuisikiliza.

Saa 11 alfajiri dogo ndiye aliyeniamsha. Anko, pande zote mbili za moto. Nikaenda nikaweka kiganja, kweli, kulia na kushoto joto sawa. Friza kipimajoto kinasoma hasi 9 na inaendelea kushuka. Mchana ilifika hasi 16. Nikamwambia dada asiijaze siku hiyo, aanze na maji vifuko vichache, kesho aongeze, maana kuijaza maji ya vuguvugu lita 20 kwa mara moja ni kuinyima nafasi ya kupumua.

Lakini sikutoka pale na furaha kamili na nilimwambia dada wazi. Kompresa ikiwaka na ikizima inagonga, "gok", kitu ambacho Mabibo haikuwa nacho. Hiyo ni springi, moja imehama kwenye kikalio chake. Hakuna fundi atakayeirudisha bila kukata kompresa, na kompresa ikishakatwa hairudi. Inaweza kwenda miaka hivyo, na inaweza kuvunja kibomba cha ndani wiki ijayo. Nilimwambia aweke friji gadi, ile inayokata umeme ukishuka na inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, kila kuwaka kwa shida kunakopungua ni kugonga kunakopungua. Nikaisawazisha miguu, mbele juu kidogo mlango ujifunge wenyewe, nyuma nikaiacha nafasi ya kiganja kutoka ukutani na pembeni pia, isibanane na kabati, joto la ubavuni lipate pa kutokea.

Sasa miezi miwili baadaye dada kapata fremu barabarani, kama mita 400 kutoka nyumbani, anataka friji ikae huko. Akanipigia mimi nikiwa Morogoro kwenye kazi, sikuweza kwenda. Nikamwambia dogo anajua.

Dogo kazima friji Jumatano baada ya magharibi. Milango wazi usiku kucha, matambara chini. Asubuhi kaifuta, katoa glasi kazifunga kwenye kanga za mama yake, kisahani cha nyuma kakikausha kwa sponji, kafunga mlango kwa selotepu ya karatasi. Guta limekuja saa 2, dereva alipotaka kuilaza dogo akakataa, akamwambia kaka tutaenda mwendo wa miguu. Ikasimama wima, imeegemea, kamba mbili na boksi chini ya kamba, na yeye akatembea pembeni ameishika njia nzima, kwenye shimo anamwambia dereva asimame kwanza. Mita 400 wametumia dakika 25.

Fremu ilikuwa na wateja wanaomsubiri mama yake tangu saa 3, joto kali. Hakuwasha. Alikaa kwenye stuli mbele ya friji mpaka saa 7 mchana, ndipo akachomeka kwenye soketi ya ukutani kupitia friji gadi. Saa 8 na robo nikapata picha kwenye simu, ubavu wa friji na kiganja chake juu yake, na nyingine ubavu wa pili na kiganja chake, na chini ameandika, "anko zote."